Althea Gibson, bingwa wa mchezo wa wawili

1. Mchezo wa wawili

Watoto, labda mmekwisha kuona uwanja wa tenisi hapa Lubumbashi. Ni uwanja ulio sawa kama meza, wenye mistari myeupe, na katikati umefungwa wavu. Mchezaji hushika raketi, yaani chombo chenye mpini na nyuzi zilizokazwa sana, akapiga kwa hiyo mpira mdogo upite juu ya wavu. Yule wa upande wa pili hana budi kuurudisha kabla haujagonga chini mara mbili. Akishindwa, mwenzake anapata hesabu.

Mchezo huo una namna mbili. Namna ya kwanza, mtu mmoja hupambana na mtu mmoja. Namna ya pili, wawili hupambana na wawili. Hapo uwanja huongezwa kidogo kando na kando: badala ya upana wa meta 8 na kitu, unakuwa wa meta 11 karibu. Urefu haubadiliki, ni meta 24 karibu.

Mtu asiyejua angefikiri kwamba kucheza wawili ni kazi nyepesi. Sivyo. Mpira ukija katikati, nani ataupiga? Wote wawili wakikimbilia, watagongana. Wote wawili wakingojeana, mpira utapita. Mmoja akianzisha mpira kutoka nyuma, mwenzake husimama karibu na wavu, naye humpa mgongo bila woga. Kwa hiyo mchezo wa wawili wataka jambo moja kuliko nguvu: kumwamini mwenzi wako.

Leo mtasoma maisha ya mwanamke mmoja mweusi, jina lake Althea Gibson. Alishinda peke yake, na tena alishinda pamoja na wenzake. Lakini kwanza alipaswa kufunguliwa mlango wa uwanja.

2. Mtoto wa njiani

Althea alizaliwa tarehe 25 Agosti 1927 katika kijiji cha Silver, jimbo la South Carolina, nchi ya Marekani. Wazee wa wazee wake walikuwa Waafrika waliopelekwa kule kwa nguvu wawe watumwa. Utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa, lakini umaskini ulibaki. Baba yake, Daniel, na mama yake, Annie, walilima pamba katika shamba lisilo lao, wakagawana mavuno na mwenye shamba. Watu wa Lomami, ambao babu zao walilimishwa pamba wakati wa ukoloni, wanajua kazi hiyo ilivyo: mgongo unauma, na mfuko unabaki mtupu.

Mavuno yalipokuwa mabaya, jamaa hiyo ilihama. Mwaka 1930 hivi walifika New York, mji mkubwa sana, wakakaa Harlem, mtaa wa watu weusi. Huko Althea alikua pamoja na ndugu zake.

Tusifiche neno: Althea hakuwa mtoto mtulivu. Alitoroka shule mara nyingi, akazunguka njiani na kupigana na wenziwe. Baba yake alimwadhibu kwa ukali, naye alizidi kutoroka. Hata masomo aliyaacha mapema.

Lakini njia yenyewe ilikuwa na neema yake. Siku za mapumziko polisi walifunga njia ya 143, walikokaa akina Gibson, magari yasipite, ili watoto wacheze bila hatari. Vivyo hivyo hapa kwetu mapadre Wabenedikto waliwaanzishia vijana timu ya mpira mwaka 1939, na kutoka katika timu hiyo ikatokea Mazembe, inayojulikana leo katika Afrika nzima. Mtoto anayepewa mchezo mwema hana nafasi ya kufuata mabaya.

Katika njia ile ya Harlem watoto walicheza mchezo mdogo unaofanana na tenisi, wakipiga mpira kwa vibao vya mti. Althea alikuwa hodari. Mwaka 1939, akiwa na miaka 12, aliwashinda wanawake wote wa mji wa New York katika mchezo huo.

Mpiga muziki mmoja, jina lake Buddy Walker, alimwona akicheza. Akamnunulia raketi. Halafu watu wa mtaa walichanga pesa, kila mtu kadiri yake, ili Althea aingizwe katika klabu ya tenisi ya watu weusi. Huko alimpata mwalimu Fred Johnson, mtu mwenye mkono mmoja tu. Kwa mkono huo mmoja alimfundisha mtoto kushika raketi, kusimamisha miguu, na kuzuia hasira. Hilo la mwisho ndilo lililomchukua Althea muda mrefu.

3. Waganga wawili

Siku zile katika Marekani watu weusi na Wazungu hawakucheza pamoja. Mashindano makubwa yalikuwa ya Wazungu. Watu weusi walikuwa na chama chao na mashindano yao. Ninyi msishangae sana, kwa maana mji wetu wenyewe, ulipoitwa bado Elisabethville, uligawanyika hivyo: Wazungu kwao, Waafrika kwao, na katikati kipande cha nchi kilichoachwa kusudi kutenganisha.

Mwaka 1946 Althea alifika katika shindano la mwisho la wanawake weusi, akashindwa. Walakini waganga wawili weusi walikuwa wakimtazama: Hubert Eaton wa Wilmington na Walter Johnson wa Lynchburg. Waliona kwamba msichana huyu aliyeshindwa ana kipawa ambacho wenzake hawana. Wakashauriana, wakakata neno. Wakati wa masomo akae nyumbani mwa Eaton na aende shule. Wakati wa likizo akae kwa Johnson na aende mashindanoni. Wote wawili walikuwa na uwanja wa tenisi nyumbani kwao.

Althea alikuwa na miaka 19. Akarudi darasani, akakaa pamoja na wanafunzi waliokuwa wadogo kwake. Haikuwa rahisi kwa msichana mwenye kiburi. Tena katika majimbo yale ya kusini, mtu mweusi akipanda basi, alilazimishwa kukaa nyuma. Althea aliona uchungu, lakini alivumilia. Mwaka 1949 alimaliza shule ya sekondari, na mwaka 1953 alimaliza chuo kikuu huko Florida. Yule mtoro wa njiani akawa mwalimu wa mazoezi ya mwili katika chuo kingine.

Na katika tenisi? Toka mwaka 1947 mpaka 1956 alishinda mashindano ya wanawake weusi mara 10 mfululizo.

4. Siku ya radi

Hata hivyo mlango mkubwa ulikuwa bado umefungwa. Bingwa wa watu weusi hakualikwa kwenye mashindano ya taifa huko Forest Hills, karibu na New York. Hakuna sheria iliyoandikwa kumkataza. Hakuitwa tu, basi.

Ndipo aliposimama mwanamke Mzungu, Alice Marble. Yeye alikuwa bingwa wa zamani, mshindi wa Wimbledon mwaka 1939, na wachezaji wote walimheshimu. Katika Julai 1950 aliandika katika gazeti la tenisi kwamba ni aibu kumfungia mtu mlango kwa sababu ya rangi. Kama Althea hawezi, alieleza, na ashindwe uwanjani mbele ya macho ya watu, si nje ya ukuta. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Mwezi uliofuata Althea aliitwa, mtu mweusi wa kwanza katika mashindano hayo.

Shindano lake la pili lilikuwa juu ya Louise Brough, bingwa wa Wimbledon wa mwaka ule. Sehemu ya kwanza Brough alimshinda kabisa, 6 kwa 1. Sehemu ya pili Althea akashinda, 6 kwa 3. Sehemu ya tatu wakakazana, mpaka Althea akawa mbele, 7 kwa 6. Alihitaji kidogo tu.

Hapo mbingu zikawa nyeusi. Mvua kubwa ikanyesha pamoja na radi. Radi ikapiga sanamu ya tai ya jiwe iliyokuwa juu ya jengo la uwanja, ikaanguka chini. Watu wakakimbia, na shindano likaahirishwa mpaka kesho yake.

Usiku ule ulikuwa mrefu kwa Althea. Aliporudi uwanjani, moyo wake haukuwa tena na utulivu. Brough akashinda upesi, 9 kwa 7. Lakini wote waliokuwapo waliona jambo: msichana mweusi alikuwa ametikisa bingwa wa ulimwengu. Hakuna aliyeweza tena kusema kwamba hana uwezo.

5. Wawili waliokosa mwenzi

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito. Althea alicheza hapa na pale, mara alishinda, mara alishindwa. Pesa hakupata, kwa sababu siku zile mabingwa wa mashindano makubwa hawakuruhusiwa kulipwa. Alifikiri kuacha tenisi na kuingia jeshi.

Mwaka 1955 serikali ya Marekani ilimtuma pamoja na wachezaji wengine watatu kuzunguka Asia: Burma, Uhindi, Pakistani na nchi nyingine. Huko Uhindi alikutana na Angela Buxton, mchezaji wa Uingereza.

Angela alizaliwa Liverpool mwaka 1934. Alikuwa Myahudi. Katika London klabu moja ilikataa kumpokea kwa sababu hiyo tu. Alikuwa mchezaji mzuri, walakini wengine hawakumpenda kuwa karibu nao. Althea naye mara nyingi alikula peke yake na kusafiri peke yake. Kwa ajili ya mchezo wa wawili, mmoja hakuwa na mwenzi, na mwingine hakuwa na mwenzi. Wakakubaliana kucheza pamoja.

Katika mwaka 1956 walikwenda Paris. Mashindano ya wanawake mmoja mmoja yaliwakutanisha wao kwa wao kabla ya shindano la mwisho, na Althea akamshinda rafiki yake. Kisha akashinda mashindano yote, mtu mweusi wa kwanza kupata ubingwa mkubwa wa namna hiyo. Je, Angela alikasirika? Hakukasirika. Wakasimama tena upande mmoja wa wavu, wakashinda mchezo wa wawili wa Ufaransa.

Majuma machache baadaye walifika Wimbledon, katika mji wa London, mahali pa mashindano ya tenisi yenye sifa kuliko yote. Wakashinda tena. Hivyo mtu mweusi wa kwanza kupata ubingwa wa Wimbledon aliupata si peke yake, bali pamoja na mwenzake. Mweusi na Myahudi, wawili waliokataliwa, walisimama katikati ya uwanja na kupigiwa makofi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Althea alikuwa mrefu, mwenye mpigo wa kwanza wa nguvu sana, na mikono yake ilifika mbali karibu na wavu. Angela alikuwa mtu wa akili na wa kutengeneza mipango. Kila mmoja alileta alichokuwa nacho. Baadaye mkono wa Angela uliumia, akaacha mashindano mapema. Ushirika wao uwanjani ulikuwa mfupi. Urafiki wao haukuwa mfupi, kama mtakavyoona.

6. Malkia na sahani ya fedha

Mwaka 1957 Althea alirudi Wimbledon. Tarehe 6 Julai, siku ya joto kali, alicheza shindano la mwisho na Darlene Hard wa Marekani, akamshinda 6 kwa 3 na 6 kwa 2. Malkia Elizabeth II alishuka uwanjani mwenyewe, akampa mkono binti wa mlima pamba, na kumkabidhi sahani kubwa ya fedha iliyopakwa dhahabu.

Sasa angalieni jambo hili. Siku ile ile, Darlene, aliyeshindwa na Althea, akawa mwenzi wake katika mchezo wa wawili, na pamoja walishinda. Na katika mchezo wa wanaume na wanawake, Darlene na mwenzake walimshinda Althea. Adui wa uwanjani si adui wa moyoni. Anayeelewa hivyo ndiye mchezaji wa kweli.

Aliporudi New York, alipitishwa katika njia kuu ya mji ndani ya gari lililo wazi, na watu wengi mno wakamwagia vipande vya karatasi kutoka madirishani. Lakini muda mfupi baadaye, huko Chicago, alinyimwa chumba cha hoteli kwa sababu ya rangi yake. Malkia alimpa mkono, na mwenye hoteli akamnyima kitanda. Ndivyo dunia ilivyokuwa.

Mwaka huo huo alirudi Forest Hills. Katika shindano la mwisho alimkuta nani? Louise Brough, yule wa siku ya radi. Safari hii mbingu zilikuwa shwari, na Althea akashinda 6 kwa 3 na 6 kwa 2. Alikuwa amengoja miaka 7.

Mwaka 1958 alishinda tena Wimbledon na Forest Hills. Kwa jumla alipata ubingwa mkubwa mara 11: mara 5 peke yake, mara 5 katika mchezo wa wawili wa wanawake, na mara 1 pamoja na mwanamume, Kurt Nielsen wa Denmark. Hesabuni vizuri: zaidi ya nusu alizipata akiwa na mwenzi. Na wenzi wake walikuwa wa namna nyingi: Angela wa Uingereza, Shirley Fry na Darlene Hard wa Marekani, Maria Bueno wa Brazil.

7. Simu ya jioni

Sifa hailipi nyumba. Mwishoni mwa mwaka 1958 Althea aliacha mashindano yasiyo na malipo, akawa mchezaji wa kulipwa. Alizunguka Marekani na timu mashuhuri ya mpira wa kikapu, akicheza tenisi na Karol Fageros kabla ya wanaume kuanza mchezo wao. Aliimba, akaonekana katika filamu. Mwaka 1964 alianza gofu ya kulipwa, mwanamke mweusi wa kwanza katika chama cha wanawake wa mchezo huo, na mara nyingine alibadilisha viatu ndani ya gari lake kwa sababu hakuruhusiwa kuingia chumba cha wachezaji. Baadaye alipewa kazi ya kusimamia michezo katika jimbo la New Jersey.

Baadaye uzee ukaja pamoja na kiharusi. Pesa zikaisha. Mabingwa wapya walipata mali nyingi, lakini yeye aliyewafungulia mlango alikosa pesa za dawa na za kulipia nyumba. Alijifungia ndani, wala hakutaka watu wamwone.

Jioni moja ya mwaka 1995 alishika simu. Hakumpigia mkubwa wa serikali wala tajiri. Alimpigia Angela Buxton. Alimweleza kwamba amechoka, na kwamba anamuaga.

Angela hakukubali kuagwa. Alimpelekea pesa zake mwenyewe mara moja. Halafu akatangaza habari ya rafiki yake katika gazeti la tenisi. Barua zikaanza kuja kutoka nchi nyingi, na ndani yake pesa. Jumla ikakaribia dola milioni 1. Miaka karibu 40 tangu waliposimama pamoja Wimbledon, mpira ulikuja tena katikati, na Angela hakungoja mtu mwingine aupige.

Kwa hiyo Althea aliishi miaka mingine minane. Alifariki tarehe 28 Septemba 2003 huko East Orange, akiwa na miaka 76. Angela alimfuata mwaka 2020.

8. Waliopita mlango ule

Mganga Johnson, yule wa Lynchburg, alimfundisha baadaye mvulana mweusi, Arthur Ashe, aliyeshinda Wimbledon mwaka 1975. Ashe, alipotembelea Kamerun mwaka 1971, alimwona mtoto Yannick Noah akicheza Yaoundé, akamsaidia kwenda kujifunza Ufaransa. Noah akawa bingwa wa Ufaransa mwaka 1983. Kisha wakaja Venus na Serena Williams, ndugu wawili wa tumbo moja, walioshinda pamoja ubingwa mkubwa wa wawili mara 14. Mwaka 2019 sanamu ya Althea iliwekwa New York, mahali yanapochezwa mashindano ya taifa ya Marekani.

Watoto, mkumbuke Simoni wa Kirene. Yesu alipoanguka chini ya mzigo, Simoni alibeba msalaba pamoja naye. Hakuna mtu aliye na nguvu hata asihitaji mwenzi. Althea alikuwa na mikono ya bingwa, lakini angalieni ni mikono mingapi iliyomwinua: mpiga muziki, watu wa mtaa waliochanga, mwalimu wa mkono mmoja, waganga wawili, mwandishi Mzungu, rafiki Myahudi. Mungu humpa mtu kipawa, na mara nyingi humpa jirani ufunguo.

Basi, ukiwa na kipawa, fanya kazi. Ukiwa na ufunguo, fungua.

Maulizo

1. Kwa nini mchezo wa wawili si kazi nyepesi?
2. Watu wa Harlem walimsaidia Althea namna gani?
3. Alice Marble alifanya nini mwaka 1950? Je, alihitaji moyo wa ushujaa?
4. Eleza kwa maneno yako habari ya siku ya radi.
5. Althea na Angela walifanana katika jambo gani?
6. Jioni ile ya mwaka 1995, kwa nini Althea alimpigia simu Angela, si mtu mwingine?
7. Katika darasa lako, ni nani asiye na mwenzi wa kucheza naye? Utafanya nini kesho?